Mwitu Si Pembea

Wako wasemao kwamba mwitu usiotandazwa kamba za kuwatelezesha wageni juu ya miti ni mali iliyolala. Kauli hiyo ni batili. Nyungwe, nchini Rwanda, ilijengewa daraja la juu ya miti mwaka 2010. Lakini ndovu wake wa mwisho alikwisha kuuawa mwaka 1999, na daraja halikumrudisha.

Mwaka 2019 Rumanyika-Karagwe ilifanywa hifadhi ya taifa. Mkulima wa Nyakasimbi hukatazwa kuingia na shoka hifadhini kwa ajili ya wanyama. Je, sasa akatazwe ili mgeni apate pembea? La hasha! Matawi ni njia ya mbega na makao ya ndege. Mgeni na aje, lakini atembee chini na kuinua macho.