Shosho Si Mchawi, Ni Ubongo Unaugua

Wasee, serotonini imekuwa neno la mtaa. Video ya paka TikTok, serotonini. Chapati moto, serotonini. Sawa, tucheke. Lakini kuna watu ambao yao inaisha kweli kweli, na sisi tunasema "uzee umemharibu." Ama mbaya zaidi, tunawaita wachawi.

Naongea kuhusu shosho na guka wenye ugonjwa wa Alzheimer.

Wengi tunadhani Alzheimer ni kusahau tu. Hiyo ni nusu ya stori. Auguste Deter, mama Mjerumani ambaye daktari Alois Alzheimer alimfuatilia kule Frankfurt kuanzia 1901, alikuwa na miaka 51 tu. Kati ya dalili zake za mapema kulikuwa na wivu mkali juu ya mumewe. Yaani kilichobadilika si kumbukumbu peke yake, ni mtu mzima mzima.

Sasa hapa ndipo serotonini inaingia. Ichukulie kama boda wa mizigo. Inatoka kwa seli chache kwenye shina la ubongo, inasambaa karibu kila kona. Ikifika, lazima ipate kipokezi, yaani mlango wa kupokea ujumbe. Kuna aina kama 14 za milango hiyo, na inahusika na hisia, usingizi, njaa, hata kumbukumbu.

Kwa Alzheimer, stesheni ya maboda inaharibika na milango pia inapungua. Vipokezi vya aina ya 2A vinapungua kwenye gamba la ubongo. Vya 1A vinapungua kwenye hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, ugonjwa ukizidi. Boda akifika na mlango haupo, mzigo atamwachia nani?

Kwa hivyo shosho akikuambia umemwibia leso yake, akizunguka boma saa nane usiku, akilia bila sababu, hiyo si kiburi. Serotonini si chanzo pekee, kuna kemikali zingine na seli zinazokufa, lakini yote yanatokea ndani ya ubongo. Hakuna jini hapo.

Na hii si mambo ya sayansi tu. Kilifi, wazee wameuawa wakiitwa wachawi. Kisii, Oktoba 2021, akina mama wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Sisemi walikuwa na Alzheimer. Nasema kwamba mahali ambapo mzee kutembea usiku akiongea peke yake ni "ushahidi," mgonjwa wa Alzheimer yuko hatarini kuliko mtu yeyote.

Najua mtu atauliza, si basi apewe dawa za kuongeza serotonini? Si rahisi hivyo. Sitalopramu, dawa ya msongo wa mawazo, ilijaribiwa na matokeo yakatoka 2014: ilituliza fujo za wagonjwa, lakini ikavuruga mapigo ya moyo na kupunguza kidogo uwezo wa kufikiri. Idalopirdine, iliyolenga kipokezi cha aina ya 6, ilishindwa kwenye majaribio makubwa yaliyochapishwa 2018. Kwa hivyo usiende kemisti kununulia guka vidonge kwa sababu umesoma posti. Mpeleke hospitali apimwe, maana hata kukosa vitamini B12 au tezi kuzembea kunaweza kuleta usahaulifu, na hizo zinatibika.

Maoni yangu ni haya: kizazi chetu ndicho kina simu, kina bando, na kinajua hilo neno serotonini. Basi tulitumie kwa kazi. Mjomba akisema kwa mkutano wa familia ati shosho amerogwa, usinyamaze. Mweleze kwa heshima. Shosho akikushuku, usibishane naye, msaidie kutafuta leso. Na umpokee mamako zamu ya usiku, kwa sababu yeye pia ni binadamu na hajalala tangu Jumatatu.