Mkifunga safari, samaki mtamwachia nani?

Shule zikishafungwa tu, pilkapilka za safari huanza. Baba anaulizia nauli, mama anafungasha nguo pamoja na zawadi za nyanya, nao watoto usingizi hauwajii. Mbwa ataachiwa mlinzi, paka atajitafutia. Lakini katika nyumba kadhaa za mjini kuna kiumbe mmoja asiyebweka wala kulia, naye hukumbukwa gari likiwa tayari limefika Naivasha. Huyo ni samaki wa beta, yule mwenye mapezi marefu yanayopepea kama leso, aliye katika tangi la kioo pale sebuleni.

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Samaki yupo, ila kwa kuwa hana sauti, lake nalo huwa halipo.

Asili ya samaki huyu ni Thailand na nchi jirani za Asia, katika mashamba ya mpunga na vijito visivyo na kina kirefu. Thailand humuenzi sana, hata mwaka 2019 ikamtangaza kuwa mnyama wa kitaifa wa majini. Madume wawili wakiwekwa pamoja hupigana vikali, ndiyo sababu huuzwa mmoja mmoja. Licha ya kuwa na matamvua, anacho kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji. Kwa sababu hiyo baadhi ya watu hudai eti gilasi moja ya maji inamtosha. La hasha! Kuvumilia si kuishi vyema. Maji yakiwa kidogo huchafuka upesi, na mwenyewe akiwa safarini hayupo wa kuyabadilisha. Tangi la lita 10 ni afadhali, la lita 20 ni bora zaidi.

Je, anaweza kukaa siku ngapi bila kula? Samaki mkubwa mwenye afya hadhuriki akikosa chakula kwa siku tatu au nne. Hata wiki moja wengi huivuka salama, mradi maji ni safi na yana joto la kutosha. Kwa hivyo ikiwa mnakwenda harusini Ijumaa na kurejea Jumatatu, msimsumbue jirani. Lakini samaki mchanga au mgonjwa asiachwe hivyo.

Safari ikizidi wiki moja, itabidi mtu aje kumlisha. Hapa ndipo mambo huharibika. Aghalabu mwenye nyumba huacha mkebe mzima wa chakula na agizo moja tu: "Mpe kidogo kila siku." Kidogo ni kiasi gani? Kwa aliyezoea kulisha kuku, kidogo ni ukufi. Tumbo la beta ni dogo kama jicho lake, na punje tatu au nne zinamtosha. Zinazobaki huzama, huoza na kutoa amonia, sumu inayounguza matamvua. Samaki huyo hatakufa kwa njaa. Ataponzwa na wema.

Kisha familia hurudi, imkute akielea, na lawama zote zimshukie msichana wa kazi. Haki iko wapi, ilhali alitenda alivyoagizwa?

Dawa yake ni rahisi. Kunja vipande vya karatasi, kila kimoja kiwe na punje za siku moja, na uandike siku juu yake. Mwelekeze anayebaki alishe siku moja na kuruka ya pili. Mkebe wenyewe ufiche kabatini. Halafu mwache alishe mara moja wewe ukiwapo, ili ujue ameelewa. Vile vibonge vya chakula vinavyouzwa kwa ajili ya likizo msivitegemee, kwani huweza kuyachafua maji ya tangi dogo.

Siku moja au mbili kabla ya kuondoka, badilisha robo ya maji. Usiyamwage yote, maana mabadiliko ya ghafla humdhoofisha samaki. Maji ya mfereji yatiwe dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki. Funika tangi, kwani beta hujua kuruka, lakini acha nafasi ya hewa juu ya maji. Liondoe dirishani penye jua kali. Zima taa yake, ila kichungi kiendelee kufanya kazi.

Usisahau baridi. Beta hupenda maji ya nyuzi 24 hadi 28. Anayeishi Mombasa hana wasiwasi mkubwa, lakini Nairobi mwezi wa Julai au Agosti maji yasiyo na hita hupoa mno. Samaki huzubaa chini ya tangi na chakula hakisagiki vyema tumboni. Stima ikipotea kwa saa chache hatakosa pumzi, kwa vile huvuta hewa juu. Anayebaki alizungushie tangi blanketi ubavuni ili joto lisitoroke.

Wapo wanaofikiria kumbeba kwenye chupa hadi mashambani. Safari ya basi ya kutwa nzima, maji yakisukwasukwa, ni mateso ya bure. Mwacheni nyumbani kwake.

Mkirejea, mwangalieni kwanza kabla ya kufungua mizigo. Ondoeni mabaki, badilisheni robo ya maji, kisha mpeni punje mbili tatu. Msimlipizie siku zote alizokosa kula kwa mlo mmoja.

Mzazi, kazi hii usiifanye peke yako. Mwachie mwanao akunje zile karatasi, ahesabu punje na kuandika maagizo kwa mwandiko wake. Samaki ni wake, na huenda ndicho kiumbe cha kwanza ambacho uhai wake umo mikononi mwake. Akijifunza sasa kwamba anayekutegemea huachwi hivi hivi kwa kuwa tu una safari, atakuwa amepata somo litakalomfaa hata atakapokuwa na watoto na wazazi wazee wa kutunza.

Safari njema!