Tangi likikauka Kuluba, nani apate habari kwanza?

Mwezi Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilisitisha msaada wa chakula kwa wakimbizi milioni moja hapa Uganda. Pesa zilizopungua hazikugusa chakula peke yake. Mashirika mengi yamelazimika kuhesabu upya mafuta, mishahara na vipuri, na katika huduma ya maji hesabu hiyo mara nyingi inamfikia kijana wa pikipiki anayezunguka kuangalia kama matangi yamejaa. Akikosa mafuta, anayejua kwamba tangi limekauka ni mama aliyefika na jerikeni asubuhi.

Ndiyo maana kuna teknolojia ambayo West Nile ilishaijaribu na inafaa kuzungumzwa tena. Mwaka 2017 watu kutoka Sudan Kusini walikuwa wanapokelewa Kuluba, wilayani Koboko, na vituo vingine vya mpakani, kisha wanapelekwa kwenye makazi kama Imvepi. Huko maji mengi yalifika kwa malori, na kila palipo na lori la maji pana ubishi: dereva anasema amemwaga safari mbili, watu wa foleni wanasema wameona moja. UNHCR ilianza kufunga vihisi juu ya matangi ya eneo hili, Bidibidi ikiwemo, ili tangi lenyewe litoe ushahidi.

Kihisi hicho ni kifaa kidogo kinachokaa chini ya mfuniko. Kinatuma sauti ambayo sikio haliisikii, sauti inagonga maji na kurudi, na kwa kupima muda huo kinajua maji yako chini kiasi gani. Kisha kinatuma namba chache kwa redio ya aina inayoitwa LoRaWAN. Haiwezi kubeba picha wala sauti ya mtu. Kwa kuwa inabeba kidogo sana, betri yake inaweza kudumu miaka kadhaa, na mahali pa wazi mawimbi yake yanafika kilomita kumi au zaidi. Kihisi chenyewe hakihitaji laini ya simu.

Laini inahitajika sehemu moja tu, kwenye lango. Hicho ni kituo kinachopokea mawimbi ya vihisi vyote vya jirani na kuyapitisha kwenye intaneti. Ndani yake mna kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, kadi ya redio, na modemu ya MTN au Airtel. Nje kuna antena, paneli ya sola na betri. Fundi aliyezoea kompyuta anaweza kuliunganisha kwa dola mia chache, na programu za kuliendesha zipo za bure. Mamlaka ya mawasiliano, UCC, lazima iwe imekiidhinisha kifaa cha redio kabla hakijawashwa.

Kazi ngumu iko juu ya mlingoti. Antena hupendelea mahali pa juu kuliko pote, na radi nayo hupenda hapo hapo. Hatujasahau Novemba 2024, radi ilipoua watu 14 waliokusanyika kusali katika makazi ya Palabek. Lango lisilo na waya mzito wa kushusha umeme wa radi ardhini lisifungwe juu ya shule wala kanisa, hata kama mfadhili ana haraka ya kupiga picha.

Jambo la pili ni intaneti. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Lango linalotuma kila kitu Ulaya kwanza lingekuwa kipofu siku zile, ingawa tangi na kamati ya maji vinaweza kuwa mita mia mbili tu kutoka hapo. Inawezekana kuhifadhi namba hizo ndani ya lango lenyewe na kuzionyesha kwenye skrini ya ofisi ya karibu, lakini lazima hilo liamuliwe tangu mwanzo.

Wenzetu wa Kenya wana funzo zuri zaidi. Huko Kyuso, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa kwenye mikono ya pampu za maji, vikawa vinatuma ujumbe kwa mtandao wa simu. Muda wa kungoja pampu itengenezwe ukashuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku tatu. Si kifaa kilichotengeneza pampu. Kulikuwa na fundi mwenye vipuri anayelipwa kwenda, na baadaye kazi hiyo ikawa kampuni, FundiFix. Bila fundi huyo kihisi kingewaambia wakubwa wa mbali jambo ambalo kijiji kizima kinalijua tayari.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo miradi yetu mingi ya vihisi inapolegea. Namba zinaonekana kwenye kompyuta ya ofisi, Arua au Kampala, nazo zinamsaidia mhandisi kukagua ankara za malori. Hilo ni jema. Lakini tangi la lita 10,000, kwa kipimo cha lita 20 kwa mtu kwa siku, ni maji ya watu 500, wakimbizi na wenyeji pamoja, maana mwongozo wa Uganda unataka asilimia 30 ya huduma iwafikie wenyeji. Wakiamini kwamba upande mmoja unapendelewa, grafu ya Kampala haitawatuliza. Ujumbe mfupi wa simu kwa mwenyekiti wa kamati ya maji na kwa mwenyekiti wa LC, wenye namba ile ile kwa saa ile ile, unaweza kusaidia.

Kwa hiyo atakayekuja Kuluba na sanduku la vihisi aulizwe, kabla hajapanda ngazi: nywila ya lango itabaki kwa nani mradi ukiisha, nani atalipia bando, na fundi gani wa Koboko amefundishwa kubadilisha betri?