Mashindano ya kinga ya mtaa si ya kugombania bahasha tu

Kwenye miji ya Kivu, mashindano ya kinga yanayotayarishwa na vilabu vya mtaa yamegeuka kuwa sikukuu ya masaa mawili. Siku ya yenga asubui barabara inafungwa, muziki unapigwa, mkubwa fulani anakuja na bahasha, watatu wa kwanza wanapigwa picha, kisha kila mtu anarudi kwake. Wale waliofika nyuma hawaulizwi kitu. Hakuna anayejua waliachwa kwenye kilima gani, wala kama walikunywa maji njiani. Huo ni uharibifu, na lazima usemwe wazi.

Uharibifu, kwa sababu nafasi hiyo ni adimu. Barabara ya Goma kwenda Sake haipiti sana kilometa 25, lakini katika miaka ya vita imekuwa njia ya familia zinazokimbia na magodoro kichwani. Kijana hawezi kutoka peke yake alfajiri kukimbiza kinga masaa matatu nje ya mji, na mzazi mwenye akili hawezi kumruusu. Siku ya mashindano ndiyo siku barabara inakuwa na walinzi, bila pikipiki na bila malori. Kocha anayeacha siku hiyo ipite bila somo amewanyima vijana wake mazoezi ambayo hawatayapata kati ya juma.

Tena mashindano yanafundisha vitu ambavyo mtu peke yake hajifunzi hata akikimbia mwaka mzima. Anayejificha vizuri nyuma ya gurudumu la mwenzake anapunguza kazi ya miguu kwa robo hivi, hata zaidi kama mwendo ni wa kasi. Lakini kukaa karibu hivyo bila kuanguka, kupokezana mbele, kujua nani amechoka na nani anajifanya amechoka, hayo yote yanatafuta kundi. Na hakuna anayejisukuma peke yake sawa na anavyojisukuma wakati mwenzake anamtoroka.

Kwa hiyo kila klabu ingepashwa kumpa kila kijana kazi moja kabla ya mwanzo. Huyu leo akae kati ya kumi wa kwanza mpaka mwisho. Yule ajaribu kutoroka mara tatu, hata kama atakamatwa. Mwingine amkinge mwenzake na upepo, kisha amwache aende. Anayefika wa kumi na tano akiwa ametimiza kazi yake amefaidika kuliko mshindi aliyejificha nyuma mpaka mita 200 za mwisho na hakujifunza kitu.

Mambo mengine hayaombi makuta mengi. Dakika 15 za kupasha miguu moto kabla ya kuanza. Kula masaa mawili au matatu mbele, si kufika na njaa. Kama mashindano yanapita saa moja, mwili unataka gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa, na ndizi mbivu moja ya kadiri inaleta karibu 25. Ndizi mbili mfukoni na chupa ya maji vinatosha. Kisha daftari: alichoka wapi, alikula nini, alilala masaa mangapi. Siku mbili zinazofuata apige kinga polepole au apumzike, kwani miguu inapata nguvu wakati wa kupumzika.

Kuna wanaopinga. Wanasema mtoto wa kambini anatafuta makuta ya unga, hana nafasi ya masomo ya daftari. Neno hilo lina uzito, lakini linawashitaki watayarishaji wenyewe. Bahasha ikienda kwa watatu, mhami anayeshindana na kinga ya kukopa, nzito, isiyo na vitesi, anarudi kambini mikono mitupu kila mara, na mwisho anaacha. Zawadi igawanywe: kidogo kwa anayeongoza kila mzunguko, kidogo kwa timu iliyosaidiana vizuri. Kinga zenye vitesi zikimbie peke yake, na zile za kubebea mizigo peke yake. Asiye na kofia ya kujikinga asianze, na klabu iwe na za kuazimisha. Hapo hata aliye nyuma atakuwa na kitu cha kupigania.

Wanaosema Mwafrika maskini hafiki mbali na kinga wamwangalie Biniam Girmay. Alizaliwa Asmara, Eritrea, nchi iliyojua vita na ukimbizi, na alianzia kwenye mashindano ya nyumbani. Mwaka 2022 alishinda Gent–Wevelgem kule Ubelgiji. Mwaka 2024 alishinda hatua 3 za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani. Ulaya ilimkuza, lakini ilimkuta akiwa ameisha kujua kushindana.

Kivu ina vilima, na ina vijana waliokulia kwenye chukudu na kinga za mizigo, wenye miguu isiyoogopa mlima. Kinachokosa ni wakubwa wa vilabu watakaoacha kuhesabu picha na kuanza kuhesabu nani amesonga mbele. Mashindano yanayofuata yakiisha, waulizwe jambo moja tu: aliyefika wa mwisho amejifunza nini?