Namba Atakazozisoma Mgeni

Juma hili tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalidharau kwa sababu ni dogo, nalo ni namba za simu anazopaswa msafiri kuzihifadhi kabla ya kutoka nyumbani kwake. Tumelazimika kuliandika kwa sababu ya tukio tulilolishuhudia kwa macho yetu, nasi tunaona si haki kulinyamazia.

Tulikuwa safarini na familia yetu kwenda Mikumi kuhudhuria harusi, na siku ya pili yake tulikuwa na nia ya kwenda Kilosa kuwajulia hali wazee. Wanaoifahamu njia ile wanajua kwamba barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya, baada ya kuuacha mji wa Morogoro, hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa mwendo wa kilometa zipatazo 50. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964. Msafiri huwaona twiga, nyati na tembo akiwa kitini mwake, na kuna mabango yanayomwonya dereva apunguze mwendo, pamoja na orodha ya faini kwa kila mnyama atakayegongwa.

Ilikuwa baada ya Alasiri. Basi letu lilipasuka tairi tukiwa ndani ya hifadhi, mbali na nyumba yoyote. Kondakta akatuomba tusishuke wala kutawanyika, kwa kuwa pale si mahali pa mtu kutembea kwa miguu. Tukakaa. Mtandao wa simu ulikuwa ukija na kupotea.

Haukupita muda mrefu, mzee mmoja aliyeketi safu ya mbele yetu akaanza kutetemeka na kutokwa na jasho jingi. Alipoulizwa ana nini, ulimi wake ukawa mzito, akawa anajibu maneno yasiyoeleweka. Alikuwa na mjukuu wake, binti wa miaka minane hivi. Hakukuwa na daktari wala muuguzi miongoni mwetu. Mmoja akasema ni malaria. Mwingine akasema ni shinikizo la damu, alazwe. Wa tatu akasema asomewe kisomo. Kila mtu alikuwa na kauli yake, na hakuna aliyekuwa na ujuzi.

Tukamwuliza yule binti namba ya baba yake. Hakuijua. Tukamwuliza jina la babu yake, akajibu kwamba anaitwa Babu. Ndipo tukachukua simu ya mzee, simu ya vitufe isiyofungwa kwa namba ya siri, tukasema alhamdulillahi, sasa tutawapata watu wake. Tulipoifungua tukakuta majina haya: Mpwa, Mkubwa, Fundi 2, Shamba, Jirani, Mkubwa Mpya. Hapakuwa na mtoto wa mzee hata mmoja aliyeandikwa kama mtoto. Tukapiga ya Mpwa, haikupatikana. Ya Fundi 2 akapokea mtu anayetengeneza baiskeli, akasema mzee anamjua kwa sura tu. Ya Mkubwa ikaita bila kupokewa. Ilipofika zamu ya Mkubwa Mpya, akapokea mwanawe wa kwanza aliyekuwa Kilosa, ambaye alikuwa amebadilisha namba mwezi uliotangulia, na baba yake akaiandika hivyo.

Yule kijana hakutusubiri tumalize kueleza. Aliuliza jambo moja tu: "Amefunga?" Tukamgeukia binti, naye akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa siku ya Jumatatu na mzee alikuwa katika funga ya Sunna. Kijana akasema baba yake ana kisukari, anatumia dawa, na alikwisha kukatazwa na daktari kufunga. Akatusihi, maadamu bado anaweza kumeza, apewe kitu kitamu wakati ule ule. Ikatoka soda kwenye kapu la abiria mmoja. Baada ya dakika chache mzee akatulia, akafumbua macho vizuri, akauliza kwa nini tumemzunguka.

Kutoka mzee alipoanza kutetemeka hadi ilipofunguliwa ile soda, ilipita karibu nusu saa. Soda ilikuwamo ndani ya basi muda wote. Mtoto aliyejua kwamba babu yake amefunga alikuwa ameketi ubavuni pake. Namba ya mwanawe ilikuwamo simuni. Kila kilichohitajika kilikuwapo, ila hakikuwa katika namna ambayo mgeni angeweza kukitumia.

Usiku ule, tulipofika Mikumi, tuliichukua simu yetu tukaitazama kwa jicho la mtu asiyetujua. Tuliona haya. Mke wetu tulikuwa tumemwandika kwa jina la utani la nyumbani. Kijana wetu mkubwa yumo kwa jina walilompa wenzake shuleni. Kaka yetu ni "Bro Namba Mpya". Na simu yenyewe hufunguka kwa alama ya kidole chetu tu. Lau sisi ndio tungekuwa katika kiti kile, abiria wenzetu wasingefika hata kwa Fundi 2.

Hili ndilo tunalotaka kulisema leo. Namba ya dharura haijahifadhiwa mpaka mtu mwingine aweze kuitumia wakati mwenyewe umeshindwa kusema. Tumezoea kuifanya simu kuwa daftari la kumbukumbu zetu, lakini namba za dharura hazitusaidii sisi kukumbuka. Zinamsaidia askari, muuguzi au abiria mwenzetu atuelewe.

Wazee wetu waliotutangulia walilijua hili. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika bonde la mto Mkondoa, huko huko Kilosa, na baadhi ya wasafiri wa zama zile walibeba barua za utambulisho. Aliyebeba barua hakuihitaji yeye mwenyewe, kwani alijijua. Iliandikwa kwa ajili ya yule atakayekutana naye njiani.

Kuna watakaosema kwamba mja akishasoma dua ya safari na kumtegemea Mola wake, amekwisha kujikinga. Dua ni wajibu wetu na hatuiachi. Lakini tunaikumbuka hadithi mashuhuri aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyemwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake kisha ategemee au amwache huru na kutegemea. Aliamrishwa amfunge, kisha amtegemee Allah. Kuandika namba zinazosomeka ni kumfunga ngamia.

Sasa tuje kwenye utekelezaji. Kwanza, andika watu wako kwa uhusiano na jina kamili. Mume aandikwe Mume, kisha jina lake. Mtoto mkubwa aandikwe Mwana, kisha jina lake. Majina ya mapenzi hayana ubaya, lakini yana mahali pake. Polisi akiokota simu barabarani hawezi kujua kwamba "Asali" ni mke wa mtu au ni duka la asali. Chagua watu wawili au watatu, uwatangulizie neno Dharura, ili wakae pamoja katika orodha na aliye mgeni awaone mara moja.

Pili, zihifadhi namba za safari yenyewe, nazo zitangulizie neno Safari. Anza na mwenyeji wako. Yeye ana thamani kuliko wote, kwa sababu ndiye anayeijua hali ya mahali. Kilosa ni mji wa mafuriko. Mvua za mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliujaza mto Mkondoa, zikawahamisha maelfu ya watu na kuikata Reli ya Kati. Anayesafiri huko wakati wa masika ampigie mwenyeji asubuhi ya safari, kabla ya kukata tiketi, amwulize barabara ya kutoka Mikumi inapitika au la. Kisha mwombe mwenyeji akutumie namba ya kituo cha polisi cha karibu, ya hospitali, na ya dereva wa bodaboda au teksi anayemwamini. Namba ya ofisi ya basi huwa kwenye tiketi yako, basi usiitupe tiketi. Ihifadhi pamoja na namba ya usajili wa gari. Anayekwenda kwa treni ya kisasa, ambayo tangu mwaka 2024 inakwenda Dodoma kwa kupitia Kilosa, afanye vivyo hivyo kwa tiketi yake.

Tatu, zipo namba fupi za taifa ambazo kila mtu wa nyumbani anapaswa kuzijua kwa moyo. Namba 112 ni ya polisi kwa dharura. Namba 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji. Namba 115 ni ya usafiri wa dharura kwa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Namba 116 ni ya kutoa taarifa za watoto walio katika hatari. Aidha, simu nyingi huruhusu namba ya dharura ipigwe hata zikiwa zimefungwa. Hata hivyo, palipo na ukosefu kamili wa mtandao hakuna namba itakayoita, na safari za porini zina sehemu za namna hiyo. Ndiyo maana tunakuja kwenye jambo la nne.

Nne, andika karatasi. Karatasi haiishiwi chaji, haifungwi kwa kidole, na haihitaji mtandao. Iwe na jina lako, namba mbili za watu wako, ugonjwa wako wa kudumu kama unao, na dawa unazotumia. Moja ikae kwenye pochi, nyingine ndani ya begi. Mtoto naye awekewe yake mfukoni, na juu ya hilo afundishwe namba moja ya mzazi mpaka aiseme bila kusita, kama anavyofundishwa Suratul Fatiha. Mtoto wa miaka minane anaweza kabisa. Yule binti wa Mikumi hakushindwa, ila hakuna aliyemfundisha.

Wenye simu za kisasa wana njia nyingine pia. Nyingi zina sehemu ya kuandika habari za dharura, yaani maradhi, kundi la damu na watu wa kupigiwa, zikaweza kusomwa na yeyote bila kuifungua simu. Kwa hiyo hakuna haja ya kumpa kila mtu namba yako ya siri, wala kuyaacha wazi mambo ya sitara yako. Chukua robo saa leo jioni, mwombe kijana wako akusaidie. Nyumba nyingi zina kijana ambaye angefurahi kuombwa.

Tano, sunna inatuelekeza kwamba watu watatu wakisafiri wamteue mmoja wao kuwa amiri, kama alivyopokea Abu Daud. Familia nyingi huifanya sunna hii kwa ulimi tu. Tunashauri amiri wa safari awe ndiye mwenye orodha nzima ya namba, ajue nani anatumia dawa gani na nani amefunga, na asiyesafiri pia apewe nakala yake nyumbani. Amiri asiyejua maradhi ya walio chini yake ni amiri wa jina.

Kuna tahadhari moja hatuna budi kuitaja. Matapeli nao wanaijua hofu ya familia. Hupiga simu wakidai kwamba ndugu yako amepata ajali, yuko hospitalini, na zinatakiwa fedha upesi kwenye namba fulani. Ukipokea simu ya namna hiyo, usitume chochote kabla hujapiga namba ulizozihifadhi mwenyewe, za msafiri, za amiri, za ofisi ya basi au za mwenyeji. Hapo utaona faida nyingine ya kuziandika mapema. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Yule mzee tulishuka naye Mikumi. Mwanawe alikuwa amekwisha kumtuma jamaa na gari, akampeleka hospitali, na usiku tukapigiwa kuambiwa kwamba hali yake ni njema. Kabla hatujaachana stendi, aliomba simu yake, akaishika mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akamwambia mjukuu wake amsomee jina la Mkubwa Mpya. Kisha akatuomba tulibadilishe. Tukamwuliza tuandike nini. Akasema: "Andikeni Mwanangu."

Tuliandika Mwanangu, tukaongeza na jina la kijana, na mbele yake tukatanguliza neno Dharura. Ilituchukua chini ya dakika moja.