Mpaka Unaomeza Miaka ya Mwalimu

Kati ya Chicago na Hammond hakuna mlima wala jangwa. Mtu huvuka barabara, akawa ametoka jimbo la Illinois na kuingia Indiana. Mwalimu wa Marekani akihama Chicago kwenda Springfield, mbali sana lakini ndani ya Illinois, mifuko miwili ya pensheni huijumlisha miaka yake. Akivuka barabara ile kwenda Hammond, hesabu hukatika. Sisi tunauita utaratibu huo dhuluma, hata kama umepitishwa kisheria.

Aliyeajiriwa Illinois tangu 2011 hupata haki ya pensheni akitimiza miaka 10. Akiondoka na miaka 9, hurudishiwa makato yake tu. Mchango wa mwajiri haumfuati. Na kwa kuwa kazi hiyo haichangii Hifadhi ya Jamii ya taifa, miaka ile 9 haimwachii pensheni yoyote ya uzeeni.

Hata aliyetimiza muda hupunjwa. Tuchukue mfano wa asilimia 2 ya mshahara wa mwisho kwa kila mwaka wa kazi. Aliyefundisha miaka 30 mahali pamoja, akaishia na dola 80,000, atapata dola 48,000 kwa mwaka. Mwenzake aliyegawa miaka hiyo nusu kwa nusu, akaacha jimbo la kwanza akilipwa dola 50,000, atapata 15,000 huku na 24,000 kule. Watoto waliofundishwa ni wale wale, chaki ni ile ile, lakini dola 9,000 zimepotea kila mwaka hadi kaburini.

Tunaambiwa kwamba mwalimu anaweza kuinunua miaka yake katika jimbo jipya. Kununua! Alichokwisha kukitolea jasho akilipie tena, mara nyingi kwa fedha nyingi.

Watetezi husema kila jimbo lina mfuko wake na bunge lake. Ni kweli, lakini Chicago nayo ina mfuko wake, na bado sheria ya Illinois imeufungamanisha na ule wa jimbo. Kwa nini majimbo jirani yasiwekeane mkataba wa namna hiyo?

Januari 2025 Marekani ilifuta kanuni ya 1983 iliyowapunguzia malipo ya Hifadhi ya Jamii wenye pensheni za kazi zisizoichangia. Tulifurahi pamoja na wastaafu hao. Lakini sheria hiyo haikuigusa miaka inayokatwa na mipaka, na mwalimu wa Hammond bado anahesabu moja.