Bunduki ya Kuwindia Bata Mzinga wa Porini

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii yafaa sana shambani, maana jembe lolote lenye makali na mpini imara laweza kupasua udongo, na mtu anayeshinda dukani akigeuza majembe huenda anakimbia jua tu. Lakini haifai kwa kila chombo. Jembe baya humchosha mwenyewe. Bunduki isiyofaa hujeruhi ndege akaenda kufia vichakani bila faida kwa mtu, na mikononi mwa asiyeijua yaweza kumwua jirani. Kwa hiyo juma hili nataka kuzungumza nanyi, wasomaji wangu, juu ya namna ya kuchagua bunduki ya kuwindia bata mzinga wa porini katika nchi ya Marekani.

Mtu aweza kuuliza, yatuhusu nini sisi? Ni kweli kwamba hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na simshauri mtu yeyote kuingia mwituni kwetu na bunduki. Lakini wengi wetu tuna watoto na ndugu waliokwenda Marekani kwa masomo au kwa kazi. Huko, hasa mashambani, kuwinda bata mzinga ni desturi ya watu wenye heshima zao, na jirani mwema humwalika mgeni. Yafaa basi mgeni huyo ajue lipi la kukubali na lipi la kukataa kabla hajatoa fedha yake dukani.

Kwanza tumtazame ndege mwenyewe. Bata mzinga tunayemfuga asili yake ni Amerika, na ndugu zake wa porini wangaliko huko hata leo. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 7 hadi 11. Kanga wetu hapati hata kilo 2. Manyoya yake ni mazito, mifupa ya mabawa yake ni migumu, na macho yake ni makali ajabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndege hawa walikuwa wametoweka katika majimbo mengi kwa sababu ya kuwindwa bila kiasi na kukatwa kwa misitu. Mwaka 1937 Serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kutumia kodi ya bunduki na risasi kwa ajili ya kuwarudisha wanyama na ndege wa porini. Na katika miaka ya 1950 wataalamu walianza kuwanasa bata mzinga kwa nyavu zinazorushwa kwa mizinga midogo, wakawahamishia mahali walipokuwa wamekwisha. Leo wamo katika majimbo yote isipokuwa Alaska. Hata sasa kodi hiyo, ambayo kwa bunduki ndefu ni asilimia 11 ya bei ya mtengenezaji, hufanya kazi ile ile.

Sasa tuangalie jinsi anavyowindwa, kwa kuwa ndiyo inayoamua bunduki. Wakati wa majira ya kuchipua, dume hutafuta majike na kulia kwa sauti kuu alfajiri. Mwindaji huketi chini, mgongo wake ukiegemea mti ulio mpana kuliko mabega yake, akaiga sauti ya jike na kungoja. Dume akija karibu, mwindaji hulenga kichwa na shingo, wala si mwili. Sababu ni mbili: mwilini marisau huzuiwa na manyoya na mabawa, ndege akaruka akiwa na jeraha, tena huharibu nyama. Kumbe shabaha yenyewe si ndege mkubwa wa kilo 10, bali ni kitu chembamba kama mkono wa mtoto, tena chenye kutikisika.

Kwa hiyo bunduki inayotakiwa ni bunduki ya marisau, ile inayotoa punje nyingi ndogo kwa mara moja. Bunduki ya risasi moja haifai kwa kazi hii. Risasi yake hufika mbali sana, na majimbo mengi huikataza katika msimu huo. Mwenye kutaka kununua bunduki ya marisau na ayaangalie mambo haya matano.

Jambo la kwanza ni upana wa mtutu. Bunduki hizi huitwa kwa namba, na namba zenyewe huwachanganya wengi, kwa kuwa kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mtutu unavyokuwa mpana. Asili yake ni hii: ukigawa ratili moja ya madini ya risasi katika tufe 12 zilizo sawa, kila tufe itaenea katika mtutu wa namba 12. Ukiigawa katika tufe 20, ndiyo namba 20. Namba 12 ndiyo inayotumiwa na watu wengi zaidi. Namba 20 ni nyepesi, na mtu mwembamba, mwanamke au kijana ataibeba kutwa bila kuchoka.

Jambo la pili ni urefu wa risasi ambao chumba cha bunduki kinakubali. Kwa namba 12 kuna za inchi 2¾, inchi 3 na inchi 3½. Kijana akiingia dukani atavutiwa na ile ndefu kuliko zote, akidhani kwamba nguvu nyingi ni ushindi. Lakini nguvu hiyo hurudi pia begani mwake. Mtu aliyepigwa na kitako mara mbili tatu huanza kufumba macho na kujikunyata kabla hajafyatua, na hapo shabaha imekwisha. Inchi 3 yawatosha watu wengi kabisa. Tena na akumbuke kutotia kamwe risasi ndefu katika chumba kilichotengenezwa kwa fupi, wala risasi ya namba 20 katika bunduki ya namba 12. Mambo haya mawili yaweza kupasua mtutu.

Jambo la tatu ni mbano wa mdomo wa mtutu. Mdomo uliobanwa huyakusanya marisau yaende pamoja, kama vile mtu anavyobana mdomo wa mpira wa maji ili maji yafike mbali kabla hayajatawanyika. Kwa bata mzinga wataka mbano mkali, na bunduki nyingi za siku hizi zina vipande vya mbano vinavyofungwa na kufunguliwa kwa nyuzi za parafujo. Walakini mbano mkali kupita kiasi si dawa. Mara nyingine huyavuruga marisau badala ya kuyakusanya.

Jambo la nne ni marisau yenyewe. Hapa pia namba kubwa ni punje ndogo. Kwa marisau ya madini ya risasi, wawindaji hutumia namba 4, 5 na 6. Wakia moja ya namba 4 ina punje 135 hivi, na ya namba 6 ina punje 225 hivi. Punje kubwa huenda na nguvu zaidi, lakini ni chache. Punje ndogo huijaza shabaha vizuri, lakini huchoka mapema. Namba 5 ni njia ya katikati. Siku hizi yapo marisau ya madini ya tangsteni, ambayo ni mazito sana: sentimita moja ya ujazo ina gramu 18 hivi, ambapo madini ya risasi yana gramu 11 na kidogo. Kwa sababu ya uzito huo, punje ndogo ya namba 9 hupenya vema, na bunduki ya namba 20 imepata uwezo ambao zamani ulikuwa wa namba 12 tu. Ubaya wake ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya bei ya marisau ya kawaida. Mwenye mshahara mdogo asione haya kutumia ya kawaida; awangoje tu ndege wasogee karibu zaidi.

Jambo la tano ni bunduki kukaa sawa na mwili wa mtu. Mkulima ajua kwamba mpini mrefu kupita kiasi humvunja mgongo. Vivyo hivyo kitako kirefu hukwama kwapani, na kifupi humpiga mtu puani kwa kidole gumba chake mwenyewe. Shavu na lilale juu ya kitako bila kushurutishwa, na jicho lione moja kwa moja juu ya mtutu. Wengi hukosa ndege aliye karibu kwa sababu wameinua shavu ili wamtazame, na marisau yakapita juu. Mtutu wa inchi 22 au 24 watosha, maana mrefu hugonga matawi mtu akiwa ameketi. Rangi ya bunduki isimetemete. Kuhusu namna ya kuitia risasi, iwe ya kuvunjika katikati, ya kusukuma kwa mkono au ya kujitia yenyewe, zote zafaa. Bora ni ile ambayo mtu aweza kuifungua, kuitazama kama ina risasi na kuifunga kizuizi chake hata gizani.

Lakini mtu aweza kuyafuata hayo yote matano na bado akawa na bunduki isiyofaa, kwa kuwa bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja hazipigi sawa. Lipo shauri moja tu la kujua, nalo ni kuuliza karatasi. Achukue karatasi pana, achore katikati yake duara la inchi 10, aisimamishe mahali salama penye kilima nyuma, apime yadi 20, kisha 30, kisha 40, na kila mahali apige akiwa ameketi kama atakavyoketi mwituni. Kila mara abadilishe karatasi, ahesabu matundu yaliyomo ndani ya duara. Desturi ya wawindaji ni kutaka matundu 100 au zaidi, yaliyoenea pasipo nafasi tupu ambapo shingo ingeweza kupona. Kama kwa yadi 40 matundu ni 60, na kwa yadi 30 ni 120, basi bunduki hiyo, kwa risasi hizo na mbano huo, mwisho wake ni yadi 30. Akibadili risasi, apime upya.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Bunduki inayofaa si ile iliyosifiwa na mwenye duka, wala iliyo ghali, wala yenye kishindo. Ni ile ambayo mwenyewe ameipima na kujua mwisho wake, naye akakubali kuutii mwisho huo. Ndege akisimama yadi 45 mbele ya mtu ambaye karatasi imemwambia 30, ni wajibu wake kuishusha bunduki na kumwacha aende zake.

Sasa neno juu ya maisha ya watu. Kichwa cha dume kina rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Kwa hiyo mwindaji asivae kamwe rangi hizo, hata leso mfukoni au soksi, maana mwenzake aweza kudhani ameona ndege. Tena asinyemelee sauti ya bata mzinga. Yaweza kuwa ni mtu anayeiga. Asifyatue kwa sauti wala kwa kutikisika kwa majani, mpaka amemwona ndege mzima, ndevu za kifuani mwake, na kilicho nyuma yake.

Mwisho ni sheria, na hapa wazazi sikilizeni sana. Sheria ya serikali kuu ya Marekani humkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda, kama vile mwanafunzi, kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mojawapo ya sababu hizo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Basi leseni na itangulie, bunduki ifuate. Hata ya kuazimwa na rafiki asiishike kabla ya hapo. Kosa hili laweza kumtia mtu gerezani na kumkatiza masomo ambayo ukoo mzima umeuza ng'ombe kwa ajili yake. Zaidi ya hayo, kila jimbo lina sheria zake juu ya msimu, saa, upana wa mtutu na ukubwa wa marisau, na majimbo mengi hudai cheti cha mafunzo ya uwindaji. Mafunzo hayo asiyaone kuwa ni usumbufu, kwa kuwa humo atafundishwa na watu wanaojua.

Basi, ndugu msomaji, kama una mtoto huko naye amekuandikia kwamba amealikwa kuwinda, mjibu kwa maneno manne: leseni kwanza, bunduki inayomkaa begani, karatasi kabla ya ndege, na asipige kitu asichokiona chote.